Kituo Changu, Jina Lao

Sehemu ya Saba

Kabla hamjaendelea kunitukana, wasomaji wangu, hebu nivumilieni nimalize.

Mliniacha kwenye tuta la reli pale Goweko, nimeshika kiatu kimoja cha Masolwa, yeye mwenyewe anapakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali ya Kitete, uso umevimba hata macho hayaonekani. Wengi mmetuma ujumbe gazetini mkisema mimi Asnath nimeua mwanaume wa watu. Haya. Sikieni kwanza.

Kwa aliyekosa sehemu iliyopita: Masolwa, mkulima wa tumbaku, alileta pikapu yake kujaza petroli kituoni kwangu. Katikati ya kujaza, simu ikaita. Akaambiwa bani lake la kukaushia tumbaku linawaka moto. Bwana yule hakungoja chochote. Aliruka kwenye usukani akaondoka na mpira wa pampu ukiwa bado umechomekwa ndani ya tangi. Mpira ukakatika, petroli ikamwagika uwanja mzima.

Benedikta, mhudumu wangu, akafanya alichofundishwa na kampuni. Akapuliza filimbi mara tatu.

Kanuni ya kampuni yetu, Korongo, inasema petroli ikimwagika, filimbi tatu, watu wote watawanyike wakae mbali. Sasa nenda kapulize filimbi tatu Goweko uone. Huo ni mwano, mwito wa hatari. Unawaita sungusungu, walinzi wa kijiji. Kila mwanaume anatupa jembe anashika fimbo, na asiyetoka atajieleza mbele ya kamanda.

Kwa hiyo watu hawakutawanyika. Walikuja. Wakaona gari linakimbia, wakadhani ni mwizi, wakalifukuza, wakalikuta kwenye reli limesimama kupisha treni ya mizigo. Masolwa hakupewa hata nafasi ya kusema bani langu linaungua.

Asubuhi yake sikufungua kituo. Nilipanga mapipa matupu barabarani kuzuia magari, nikaenda stoo. Benedikta alikuwa amejikunja kati ya katoni za oili, filimbi bado inaning'inia shingoni.

"Vua hicho kitu."

"Dada, amekufa?"

"Hajafa."

"Watu wanasema amekufa."

"Nimesema hajafa! Unataka kumzika wewe?"

Akaanza kulia. Nina ulimi mbaya, najua, mlishaniambia. Lakini sikuwa nimepata usingizi. Nikakaa chini kando yake, nikamvua ile filimbi mwenyewe.

"Nilifanya walivyonifundisha," akasema. "Yule kaka wa Dar alinirudisharudisha kwa sababu napuliza kidogo. Akasema nipulize mpaka ng'ambo ya reli wasikie."

Ni kweli, nilikuwepo. Nilimwambia yule mkufunzi siku ileile, "Mwanangu, huku kwetu ukipuliza filimbi watu hawakimbii, wanakuja. Nipeni kengele." Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama, kanuni ni moja kuanzia Tanga mpaka Tunduma. Kituo cha Korongo ni kituo cha Korongo."

Benedikta akanishika kanga. "Lugembe atakuja kunichukua."

Lugembe ni kaka yake Masolwa, mchinjaji wa mnadani. Na Benedikta hakuwa anaota. Kwa sheria ya sungusungu, aliyepiga mwano wa bure ndiye mwenye kosa. Wale waliotoka na fimbo waliitwa tu. Kwa hiyo kila pigo alilopigwa Masolwa lilikuwa linahesabiwa juu ya huyu binti, mtoto wa watu, aliyekuja kwangu kutafuta riziki.

"Hutoki humu," nikamwambia. "Napiga simu kampuni. Watakuja."

Mjinga mimi. Niliamini.

Askari wetu walikuwa wameondoka na majeruhi kwenda mjini kuchukua maelezo. Mume wangu mnamjua, mlishamtukana vya kutosha wiki ile alipokimbilia Mpanda. Nikampigia Fikiri. Huyu ndiye meneja wa Korongo wa kanda yetu, ofisi yake iko ghorofani Kanyenye, mjini, na ukiingia mle unatetemeka kwa kiyoyozi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fikiri, njoo haraka. Masolwa yuko mahututi, na ndugu zake wanamtafuta Benedikta. Nimemficha stoo. Wakimpata watamkatakata."

"Usiongee na mtu, mama. Wala mwandishi. Nakuja sasa hivi."

"Njoo na watu!"

"Nakuja na watu."

Alikuja na watu kweli. Mafundi rangi.

Pikapu ya kampuni iliingia uwanjani na ngazi ndefu mgongoni na ndoo za rangi nyeupe. Fikiri akashuka, shati lake la bluu limenyooshwa, yule ndege korongo kashonwa kifuani. Hata stoo hakuiangalia. Alinyanyua macho kwenye bango.

"Anzeni na jina," akawaambia mafundi.

"Jina gani?" nikauliza. "Fikiri, hawa ni nani?"

"Makao makuu wameelekeza nembo ifunikwe, mama. Kwa muda tu. Picha zimesambaa mtandaoni, korongo wetu anaonekana nyuma ya maiti."

"Maiti ya nani? Mtu yuko hai!"

"Majeruhi. Samahani." Akashusha sauti, ile sauti yao ya semina. "Mama, tuelewane. Kituo ni chako. Kiwanja chako, pampu zako, wafanyakazi wako. Sisi tunakupa jina na mafuta, basi. Tangu siku ya kwanza ulijua wewe ni mmiliki unayejitegemea."

Nikamsogelea mpaka puani.

"Najitegemea! Nilipopaka choo rangi ya kijani mlininyima mafuta mpaka nikapaka bluu. Nilipoweka benchi wazee wapumzike mlisema si benchi la Korongo, mkaling'oa. Hata Benedikta asuke nywele vipi mliamua nyie. Leo kuna damu, ndiyo kimekuwa kituo changu?"

"Punguza sauti, mama."

"Filimbi ni ya nani?"

"Filimbi ni kanuni ya usalama. Ila kuitekeleza kulingana na mazingira ni jukumu la mmiliki."

"Kulingana na mazingira! Nilipoomba kengele, si mkufunzi wenu alinicheka?"

Fikiri akajikuna shingo. "Yule kijana siku hizi hatunaye kazini."

Jamani! Hapo ndipo niliposhika ngazi. Sikupanga. Fundi mmoja alikuwa ameshafika juu, ameshafuta herufi mbili. Nikaitikisa kwa nguvu zangu zote, na mimi si mwanamke mdogo. Fundi akaanguka na ndoo yake, akatua kwa kiwiko kwenye saruji, akapiga ukelele ulionichoma mpaka meno. Rangi ikatuogesha wote.

Fikiri akanikamata kwa nyuma. Nikageuka nikamzaba kofi. Akanisukuma, mgongo wangu ukagonga pampu, kioo kikapasuka. Sijui tungeishia wapi. Tulisikia pikipiki.

Zilikuwa nyingi. Zilitokea upande wa reli, kila moja imebeba wanaume wawili watatu, na kila mwanaume ana kitu mkononi. Nyuma yao, kwa miguu, alikuja Ngollo, kamanda wa sungusungu, na vijana wake. Wao walisimama pembeni, kwenye mapipa. Hawakuingia.

Lugembe alishuka wa kwanza. Panga lilikuwa lile lile la mnadani.

"Shikamoo kaka Lugembe," nikasema.

Hakuitikia. Miaka yote ninayomjua Lugembe, tumegombana, tumenyimana maji, lakini shikamoo yangu hajawahi kuiacha chini. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Macho yake yalipita kwangu, yakaenda kwa Fikiri. Yakatua kifuani, kwenye yule ndege.

"Korongo ndiye wewe?"

"Mimi? Hapana, mzee. Mimi ni meneja wa kanda tu."

"Umevaa nini?"

Kabla hajajibu, fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili kwenye goti. Fikiri akaanguka, akainuka, akaanza kuvua shati huku anapiga kelele, "Kituo si chetu! Si chetu! Tumekuja kutoa jina!" Shati likamkwama kichwani, mikono yote miwili ndani. Wakampiga akiwa hivyo hivyo, haoni pigo linatoka wapi, anazunguka kama kuku aliyekatwa shingo. Mafundi wake walishakimbia zamani, hata yule wa kiwiko.

Nitawaambia ukweli. Pigo la kwanza lilinipendeza. Lilipofika la tano nikaanza kupiga kelele waache.

Lugembe akawaondoa watu wake, akamchana Fikiri lile shati kwa ncha ya panga mpaka uso ukatoka. Meno ya mbele hayakuwepo. Akaweka panga shingoni.

"Nani alipuliza filimbi?"

"Mhudumu!" Damu ilimtoka na neno. "Si mtu wetu, ameajiriwa na huyu mama! Yuko stoo! Ameniambia mwenyewe kwenye simu, amemficha stoo!"

Mungu anisamehe. Sijawahi kumchukia mtu namna ile, hata mume wangu.

Nilifika mlangoni pa stoo kabla yao. Nikaweka mgongo, nikatanua mikono. Ndani Benedikta alikuwa ameshasikia, anaita mama yake ambaye yuko Nzega na hana habari.

"Toka hapo," akasema mmoja wao.

"Sitoki."

Fimbo ikashuka. Niliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa, nikasikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Kisha maumivu yakaja, nikatapika palepale, lakini sikuondoka. Wengine wakageukia pampu. Vioo, mipira, ofisi yangu, friji ya soda, vyote wakavisaga. Petroli ikaanza kunuka tena.

"Msiwashe kitu!" nikapiga kelele. "Tutaungua wote, wajinga nyie!"

"Lugembe, basi!" Ni Ngollo, kutoka kwenye mapipa. "Inatosha sasa."

Lugembe akamgeukia. "Wewe nyamaza. Vijana wako ndio waliompiga."

"Tuliitwa. Mwano ukipigwa tunatoka, unajua. Hata wewe ungetoka."

"Hamkumuuliza hata jina!"

"Tuliitwa, Lugembe."

Lugembe akasimama katikati ya uwanja wangu, kwenye rangi nyeupe na damu ya Fikiri. Alimwangalia Fikiri chini. Akamwangalia Ngollo. Akaniangalia mimi.

"Huyu anasema kituo si chake, yeye ana jina tu. Nyie mnasema mliitwa. Asnath atasema filimbi ya kampuni. Mdogo wangu mbavu zimeingia ndani, hawezi kumeza hata maji. Kajipiga mwenyewe?"

Jitu zima lile lilikuwa linalia, machozi yanaingia kwenye ndevu.

Nilikuwa na ya kusema. Nilikuwa na yule mkufunzi, na kengele niliyoomba, na Tanga mpaka Tunduma. Yote ya kweli. Lakini niliona yanakoishia. Mkufunzi hayupo, Dar iko mbali, Fikiri amelala chini kifua wazi. Aliyebaki karibu wa kukatwa alikuwa nyuma ya mlango wangu.

"Mwano nimepiga mimi," nikasema.

"Mwongo!" kijana mmoja akadakia. "Tulimwona yule binti na filimbi mdomoni."

"Alipuliza kwa amri yangu. Mimi ndiye niliyemwajiri, mimi ndiye niliyemvisha ile filimbi. Kituo ni changu. Anayewajibika ni mimi, si yeye."

Ngollo akaja karibu, taratibu. "Asnath, neno hilo ukilisema mbele ya sungusungu halirudi. Umelifikiria?"

"Nimelifikiria."

Mwongo mkubwa mimi. Sikuwa nimefikiria chochote. Mkono ulikuwa unaning'inia na nilitaka tu wasifungue ule mlango.

Ngollo akawageukia wote. "Mmesikia. Binti hana kesi. Atakayemgusa atanijibu mimi."

Lugembe alifuta uso kwa kiganja. "Basi twende Kitete. Utakaa miguuni kwa Masolwa, umwangalie anavyohema. Akipona, tutazungumza. Akifa, utajibu wewe. Umesema mwenyewe."

"Nimesema."

Walichukua pikapu ya kampuni. Wakamwinua Fikiri, wakamkalisha kwenye usukani kifua wazi, kwa sababu funguo zilikuwa zake na Lugembe alitaka mikono yake mwenyewe iwe huru. Mimi wakaniweka mbele, kando ya Fikiri. Lugembe akakaa kiti cha nyuma, panga katikati ya magoti. Ndugu zake wawili wakapanda kwenye bodi na ile ngazi. Nilimsikia Benedikta anafungua mlango, anaita "Dada! Dada!" Sikugeuka. Ningegeuka ningelia, na sikutaka Fikiri anione.

Barabara ile inafuata njia ya wapagazi wa zamani, na ukishapita mashamba ya tumbaku msitu unafunga pande zote mbili. Kuna mizinga ya nyuki juu ya miti na hakuna nyumba. Kila shimo lilikuwa linanipandisha roho kwa ule mkono.

Fikiri alikuwa anaendesha jicho moja limefumba. Tulipokuwa tumekwenda mbali kidogo akaninong'oneza, bila meno, "Mama, umefanya vizuri kukubali. Itarahisisha upande wa kampuni."

Ningekuwa na mikono miwili mizima, hadithi hii ingekuwa nyingine.

"Upande wa kampuni," nikamjibu, "uko mdomoni mwako unavuja damu."

"Nyamazeni," akasema Lugembe.

Simu yake ikaita.

Alipokea kwa Kinyamwezi. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nami nikamtambua anayeongea, mke wa Masolwa. Hakuwa anaongea. Alikuwa anapiga yowe, na nyuma yake wanawake wengine wanapiga yowe, lile la msibani ambalo ukilisikia mara moja hulisahau.

"Saa ngapi?" Lugembe akauliza.

Sikusikia jibu.

"Alisema neno?"

Sikusikia.

"Msimuoshe. Nisubirini." Akakata simu.

Masolwa amekufa. Mtu aliyekuja kununua petroli kwangu, akanitania kwamba nimenenepa, amekufa. Nilitaka kugeuka nimwambie Lugembe pole, kama ningemwambia siku nyingine yoyote. Pole kaka, Mungu ampumzishe.

Badala yake nikahesabu miti. Nikajiambia mjini si mbali, mjini kuna watu, kuna askari. Twende tu. Twende tu.

"Simamisha gari," Lugembe akasema.

Fikiri akakanyaga breki. Vumbi letu wenyewe likatupita, likaenda mbele. Wale wawili nyuma wakaruka chini bila kuambiwa. Lugembe akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa upande wangu. Hakuwa analia tena.

"Shuka."

Nikamwangalia Fikiri. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anaangalia mbele. Injini ilikuwa inanguruma, mlango wake umefungwa, barabara iko wazi. Ilimtosha kukanyaga mafuta tu. Nikamgusa paja kwa ule mkono mzima. Fikiri, mwanangu, nikasema kwa macho, ondoa gari.

Akalamba damu kwenye mdomo, akamwinamia Lugembe kupitia mbele yangu, kwa adabu zote.

"Samahani mzee," akauliza. "Nizime gari, au nisubiri?"

"Zima," Lugembe akasema.

Akazima.